Kleszczów: mapato ya gmina na shimo lililoyazaa

Kila mwaka Wizara ya Fedha ya Poland hutoa orodha ya mapato ya kodi ya kila gmina, yaani eneo dogo la serikali za mitaa, yakigawanywa kwa idadi ya wakazi wake, na kwa miaka mingi mfululizo magazeti ya huko yameandika habari ile ile: Kleszczów imeongoza. Hii ni gmina ya vijijini katika wilaya ya Bełchatów, mkoa wa Łódź, yenye eneo la kilomita za mraba 125 hivi na wakazi wapatao 6,000. Kwa hesabu za miaka ya karibuni, mapato yake ya kodi yamepita złoty (sarafu ya Poland) 30,000 kwa kila mkazi, ilhali wastani wa gmina zote nchini umekuwa ukizunguka 2,000. Potok Górny, gmina ya wakulima kule mashariki katika mkoa wa Lublin, ambayo mara kwa mara huwa mkiani mwa orodha hiyo, kwa miaka mingi haikufikisha hata 1,000.

Tofauti ya namna hiyo haiwezi kupita bila maneno. Kleszczów imepewa majina mengi ya kuitaja kama nchi ya mafuta iliyofichwa katikati ya mashamba ya viazi, na picha zinazoandamana na habari hizo ni zile zile: bwawa la kuogelea la Solpark, barabara zisizo na shimo hata moja, paa za nyumba zilizofunikwa kwa paneli za jua kwa ruzuku ya gmina. Swali linalofuata huulizwa kana kwamba jibu lake liko wazi: kwa nini watu 6,000 wafaidi peke yao kile ambacho kingetosha mji mzima? Swali hilo ni halali na lina watetezi wenye hoja nzito, nami nitazieleza. Ila naona lina upande wa pili ambao hausikiki vya kutosha, kwa sababu orodha ya wizara hupima kitu kimoja tu na kuacha vingine vyote nje.

Kwa msomaji asiyeijua Poland inafaa kueleza kwa ufupi. Gmina ndiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa. Zipo karibu 2,500, nyingine za mijini, nyingine za vijijini, nyingine mchanganyiko. Juu yake kuna wilaya na mikoa 16, mpangilio uliokamilika tarehe 1 Januari 1999. Gmina ni ndogo sana kuliko halmashauri ya wilaya ya Tanzania, lakini mikononi mwake mna shule za msingi, maji, majitaka, taka, barabara za ndani, ustawi wa jamii na mipango ya matumizi ya ardhi. Gmina ya vijijini huongozwa na wójt, ambaye tangu 2002 huchaguliwa moja kwa moja na wananchi, na baraza ambalo kwa gmina ndogo kama hii lina madiwani 15. Sheria ya tarehe 8 Machi 1990, iliyozaa mfumo huu baada ya kuanguka kwa utawala wa kikomunisti, inaanza kwa kusema kwamba wakazi wa gmina wanaunda, kwa nguvu ya sheria, jumuiya inayojitawala. Maneno hayo yana uzito katika jambo hili: kwa sheria ya Poland gmina ni watu pamoja na ardhi yao, kabla ya kuwa ofisi.

Tuirudie ile nambari ya 30,000, maana ndiyo chanzo cha mabishano yote. Sehemu yake ya juu, yaani fedha zenyewe, hazitoki mifukoni mwa wakazi. Mtambo wa umeme wa Bełchatów, ingawa umepewa jina la mji jirani, umejengwa Rogowiec, ndani ya mipaka ya Kleszczów. Una uwezo wa zaidi ya megawati 5,000, huchoma ligniti, yaani makaa ya kahawia, kuliko mtambo mwingine wowote barani Ulaya, na kwa miaka mingi umetoa karibu sehemu moja ya tano ya umeme wote wa Poland. Mabomba yake mawili ya moshi yana urefu wa mita 300 kila moja. Kodi ya mali zisizohamishika ni ya gmina, na kwa miundo ya viwandani kama mabomba hayo, minara ya kupozea na mikanda ya kusafirishia makaa, baraza linaweza kutoza hadi asilimia 2 ya thamani yake kila mwaka. Juu ya hiyo kuna ada ya uchimbaji wa madini, ambayo asilimia 60 yake huenda kwa gmina ambamo uchimbaji unafanyika.

Sehemu ya chini ya nambari hiyo, idadi ya wakazi, nayo ina historia yake. Ni ndogo kwa sababu huko kulikuwa na vijiji vya wakulima tangu hapo, na ni ndogo pia kwa sababu baadhi ya vijiji hivyo havipo tena. Kuondolewa kwa udongo wa juu, ili kuyafikia makaa ya mgodi wa wazi unaoulisha mtambo huo, kulianza 1977, na kadiri shimo lilivyopanuka watu walihamishwa. Kuców kilikuwa kijiji chenye wazao wa Waprotestanti wa Kicheki waliofika eneo hilo vizazi vingi nyuma. Kililiwa na mgodi, na usharika wao ukahamia Kleszczów, ambako upo mpaka leo. Kila familia iliyohamia mbali ilikipunguza kigawanyo, na kila mnara wa kupozea uliosimamishwa uliiongeza fedha inayogawanywa. Kwa hiyo hasara ya mahali na utajiri wake vimeingia katika hesabu moja, vikasukuma upande mmoja, na mwisho wake vikasomwa kama bahati tupu. Nambari hiyo haionyeshi ardhi iliyokwenda. Haionyeshi visima vilivyokauka, ingawa ili kuchimba makaa ilibidi maji ya ardhini yavutwe kwa pampu usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi, hadi kina cha maji kikashuka katika eneo la mamia ya kilomita za mraba na vijiji vikalazimika kuwekewa mabomba. Haionyeshi wala matetemeko yanayosababishwa na uchimbaji wenyewe. Lile la Novemba 1980, la ukubwa wa 4.6, lilitokea mwanzoni kabisa mwa kazi. Na haisemi hata kidogo mkazi mwenyewe ana nini mkononi, kwa maana mtu wa Kleszczów halipwi złoty 30,000 na yeyote. Anapata shule, maji, barabara na bwawa la kuogelea, navyo anavitumia pamoja na yeyote anayekuja kutoka nje.

Anayetaka kuelewa kwa macho na asimame kwenye roshani ya kutazamia ya Żłobnica, kijiji cha gmina hiyo. Mbele yake ardhi inashuka kwa ngazi pana, kila ngazi rangi yake: mchanga wa manjano, udongo wa kijivu, kisha weusi wa ligniti chini kabisa. Mashine za kuchimba, zenye magurudumu makubwa yaliyofungwa ndoo za chuma, zinaonekana kwa mbali kama wadudu wanaotambaa polepole, mpaka mtu atambue kwamba kile kitone chekundu kando ya mashine ni gari. Penye kina kirefu, kama mita 300, sakafu ya shimo iko chini ya usawa wa bahari, katika nchi tambarare ambako bahari iko mamia ya kilomita kaskazini. Udongo uliotolewa humo ulirundikwa gmina ya jirani ukawa mlima, Góra Kamieńsk, na leo watu huteleza kwa ski juu yake wakati wa baridi. Hao wakazi 6,000 wanaishi kati ya shimo hilo na mabomba yale mawili.

Sasa upande wa mji. Bełchatów ulikuwa mji mdogo kabla ya mgodi; katika miaka michache ya ujenzi ulijaa wafanyakazi kutoka kila pembe ya nchi, na hata baada ya kupungua una wakazi zaidi ya 50,000. Hao ndio waliochimba, waliochomelea vyuma, wanaozunguka zamu za usiku. Wanalala mjini, watoto wao wanasoma mjini, mabasi, vitalu vya watoto na matibabu ya uzeeni mwao vinadaiwa mji. Kodi ya mapato ya mfanyakazi hufuata makazi yake, kwa hiyo mji hupata fungu lake hapo, lakini kodi kubwa ya majengo inaishia upande wa pili wa mstari uliochorwa kwenye ramani kabla yeyote hajajua kwamba mtambo utajengwa. Mgodi ukifungwa, ni mji utakaobaki na maelfu ya watu wasio na kazi, wala si vijiji. Kwa hoja hizo, mwaka 2021 mji uliomba mpaka usogezwe ili eneo la mtambo liwe lake. Mabishano yakawa makali hadi ngazi ya serikali kuu, na mwishowe mpaka ukabaki ulipokuwa.

Hoja ya mji siioni kuwa ya uchoyo. Mtu anayefanya kazi ya hatari miaka thelathini ana haki ya kutarajia kwamba kitu kilichojengwa kwa jasho lake kitamsaidia mtoto wake kupata shule nzuri, hata kama kitu hicho kimesimama kilomita chache nje ya mji anamoishi. Rząśnia, gmina nyingine ya vijijini inayopakana na mgodi na ambayo kwa miaka mingi imefuatia Kleszczów katika orodha ya wizara, inathibitisha kwamba eneo zima limegawanyika baina ya wachache waliokalia makaa na wengi wanaoyachimba.

Ila dawa iliyoombwa ndiyo inayonitia shaka, na shaka hiyo ina mfano wake. Tarehe 1 Januari 2017 mji wa Opole ulipanuliwa kutoka kilomita za mraba 97 hivi hadi karibu 149, kwa kumega gmina za vijijini zilizouzunguka. Iliyoumia zaidi ni Dobrzeń Wielki, kwa kuwa pamoja na vijiji vyake ilipoteza mtambo wa umeme wa Opole, ambao ndio uliokuwa ukijaza hazina yake. Wakazi, wengi wao wa jamii ya Wajerumani wachache wa Silesia, waliandamana, wakashiriki mashauriano rasmi na kupinga kwa wingi, na baadhi yao wakafikia kugoma kula. Haikusaidia kitu. Kwa sheria ya Poland mipaka ya gmina hubadilishwa na Baraza la Mawaziri kwa kanuni, baada ya kuwasikiliza wakazi. Kuwasikiliza ni lazima, kuwafuata si lazima. Yaani ile jumuiya ambayo sheria ya 1990 inasema imeundwa na wakazi wenyewe inaweza kukatwa vipande na watu wasioishi humo, hata kama wakazi wamesema hapana kwa kauli moja. Mwenye mtambo mzuri leo anajifunza kwamba umiliki wake wa maamuzi ni wa muda, na gmina yenye hofu hiyo haitapanga mambo ya miaka ishirini ijayo.

Kugawana fedha ni jambo jingine kabisa, nalo Poland imelifanya kwa muda mrefu. Kwa sheria ya Novemba 2003, gmina iliyozidi asilimia 150 ya wastani wa mapato ya kodi nchini ililazimika kutoa sehemu ya ziada yake ipelekwe kwa zile maskini. Watu waliipa malipo hayo jina la janosikowe, kwa jina la Jánošík, mwizi wa milimani wa Slovakia aliyenyongwa 1713 na ambaye hadithi zinasema aliwapora matajiri akawapa maskini. Kleszczów ilikuwa mlipaji mkubwa mno kwa ukubwa wake. Anayesema kwamba watu 6,000 walikula peke yao hana budi kuitaja sheria hiyo, na katika habari nyingi za orodha ya matajiri haitajwi, au inatajwa kwa mstari mmoja mwishoni.

Mfumo huo ulikuwa na kasoro ya kweli: malipo yalihesabiwa kwa mapato ya miaka miwili nyuma, hivyo mapato yakianguka ghafla, deni liliendelea kusoma utajiri ambao haupo tena. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba iliukubali kwa gmina na wilaya, kisha Machi 2014 ikaukataa kwa mikoa, katika kesi iliyotokana na mkoa wa Mazowsze kulemewa na malipo. Sheria mpya ya tarehe 1 Oktoba 2024 imebadilisha hesabu yote ya mapato ya serikali za mitaa kuanzia 2025. Hata hivyo msingi wake naupenda kuliko kusogeza mpaka, kwa sababu kanuni ya kugawana inamhusu kila mwenye ziada kwa kipimo kimoja, inaweza kurekebishwa bungeni, na inamwachia mtu wa Żłobnica diwani wake na wójt wake. Kama mji wa Bełchatów unabeba gharama za mgodi bila fungu la kutosha, kanuni inaweza kuandikwa ili mji wa wafanyakazi upate sehemu ya kodi ya mtambo ulioko kwa jirani, bila kumhamisha mtu yeyote kutoka jumuiya moja hadi nyingine.

Uamuzi wa karibu una thamani ambayo ni vigumu kuiweka katika jedwali. Katika vijiji vya Poland nyumba ya sołtys, mwenyekiti wa kijiji, hutambulikana kwa kibao chekundu kilichopigiliwa ukutani. Ambako baraza la gmina limetenga mfuko wa vijiji, wakazi hukutana mwishoni mwa kiangazi, mara nyingi katika ukumbi wa zimamoto wa kujitolea, kwa sababu ombi lao lazima limfikie wójt kabla ya tarehe 30 Septemba. Hapo hubishana kuhusu taa ya barabarani, kibanda cha kusubiria basi, meza za ukumbi, bembea za watoto, kisha wakapiga kura. Kiasi cha fedha ni kidogo, lakini aliyeomba taa mbele ya majirani zake ataiulizia mwaka utakaofuata mbele ya majirani wale wale. Kijiji kikishaingizwa mjini, mkutano wa namna hiyo unakufa, na sołtys anageuka mwenyekiti wa mtaa asiye na sauti kati ya maelfu.

Ukaribu huo huo una hatari yake, na sitaki kuificha. Fedha nyingi zikiwa chini ya madiwani 15 waliochaguliwa kwa kura chache, huku kila familia ikiwa na ndugu katika shule, ofisi au kampuni ya gmina, ni vigumu kupata mtu wa kuuliza maswali kwa sauti. Wakazi wanaweza kumwondoa wójt kwa kura ya maoni wakipata saini za asilimia 10 ya wapiga kura, lakini kura hiyo haihesabiki wasipojitokeza angalau tatu ya tano ya idadi iliyoshiriki uchaguzi uliomweka madarakani. Kikomo cha vipindi viwili, kilichoanza kuhesabiwa 2018, kitasaidia kiasi. Na ipo lawama ambayo hakuna kanuni ya fedha inayoweza kuiondoa: mtambo huu ndio mtoaji mkubwa wa kaboni dioksidi barani Ulaya, kwa zaidi ya tani milioni 30 katika miaka mingi, na bwawa la kuogelea la Kleszczów limejengwa kwa moshi ambao wengine wote pia wanauvuta.

Moshi huo una tarehe ya mwisho, na ndiyo sababu suala hili si la wivu wa majirani tu. Makaa ya shimo la kwanza, la Bełchatów, yamefika ukingoni. Shimo la pili, la Szczerców, limepangiwa kufungwa 2038, na mitambo kuzimwa hatua kwa hatua kati ya 2030 na 2036. Wazo la kufungua mgodi mpya Złoczew lilitupwa. Kleszczów kwa miaka mingi imekuwa ikitenga viwanja vya viwanda na kuvuta wawekezaji wasiohusiana na makaa, kazi iliyoanza wakati hazina ilikuwa imejaa na hakuna aliyeilazimisha. Umoja wa Ulaya umeliwekea eneo hili zaidi ya yuro milioni 300 za mpito, na Bełchatów umetajwa miongoni mwa maeneo yanayofikiriwa kwa mtambo wa pili wa nyuklia wa Poland. Ukijengwa huko, kodi yake itafuata mstari ule ule wa ramani, na ombi la mji litafufuka.

Usipojengwa, hesabu itageuka. Thamani ya mabomba na minara itaporomoka, lakini barabara, shule, mabomba ya maji na lile bwawa la kuogelea vitaendelea kudai matengenezo kila mwaka kutoka kwa gmina ambayo jina lake halitakuwa tena juu ya orodha yoyote. Mashimo mawili yamepangiwa kujazwa maji yawe maziwa, yenye kina kuliko ziwa lolote la asili la Poland, na kujaa kwake kutachukua miongo. Katika miaka hiyo yote kingo zitahitaji kulindwa zisiporomoke, njia zitahitaji kufungwa na kufunguliwa, na visima vya vijiji vitahitaji kupimwa kadiri maji ya ardhini yanavyopanda tena. Nyingi ya kazi hizo zitamdai mwenye mgodi na serikali kuu, ila mlango utakaogongwa kwanza, mkazi akiona ufa umetokea ukutani mwake, ni ule wenye kibao chekundu.